Pua ya Dar, Sikio la Mchombe

Dar es Salaam
2 Aprili 2025

Mama Gladness,

Kama wewe na Gladness mmeamka salama, basi nusu ya barua hii imeshapata jibu. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia kiunoni kwenda chini sina uhakika kama miguu hii bado ni yangu, kwa jinsi nilivyofyeka wiki hii.

Nimepiga simu kwa jirani yetu Eustaki mpaka nimechoka. Anapokea. Nikimwambia, "Kaka, niitie mke wangu," anakohoa, anasema mtandao mbaya, anakata. Mtandao gani unaokohoa? Tangu simu yako ilipozama kwenye jaruba la mpunga, yake ndiyo ilikuwa njia yetu. Basi nimeamua kuandika, nampa kondakta wa basi la Ifakara, naye atawapa wenzake wa gari la Mlimba.

Uliniuliza nafanya kazi gani. Hapa kuna kibanda chenye mashine inayovuta hewa mchana na usiku na kuipitisha kwenye chujio. Kila siku chujio linatolewa, linakandamizwa likawa bapa kama chapati, linaachwa lipumzike, kisha linapimwa. Wanatafuta vumbi la bomu la nyuklia. Mtu akijaribu bomu upande wowote wa dunia, upepo unaubeba umbea wake mpaka kwenye mashine kama hizi. Ziko nyingi, kila bara. Nyingine ni masikio, yamewekwa ardhini, baharini na hewani. Hii yetu ni pua. Mimi nafyeka majani yanayoizunguka pua.

Siku ya kwanza nilichoma hindi karibu na kibanda. Injinia Rosemery, dada mpole kabisa, alikuja mbio na kiatu kimoja. "Baba, moshi! Baba, moshi!" Nikadhani bomu limelia. Kumbe ni hindi langu linaichafua pua ya dunia.

Usisahau tulivyokubaliana. Mwaka jana ndege walikula mpunga wetu tukavuna mabua, ndiyo nikaja huku. Mwaka huu mpunga ukijaa chumba cha nyuma mpaka ukafika dirishani, naacha kazi, narudi. Usipofika, nabaki mwaka mwingine na fyekeo. Kwa hiyo amia ndege, mke wangu. Usiwape hata suke moja.

Mumeo,
Ponsiano


Mchombe
10 Aprili 2025

Baba Gladness,

Barua yako imefika ikinuka mafuta ya taa na samaki, lakini imefika. Sisi ni wazima. Gladness amekua, ile sketi ya shule sasa ni aibu.

Eustaki hakohoi kwa ugonjwa. Hatusemezani. Mpunga umeanza kutia maziwa na ndege wamekuja, wale wadogo wa makundi, wakipita juu kunakuwa kama wingu. Zamani tulikuwa tunapiga madebe na makombeo, kila mtu kwake. Sasa Eustaki ana bomba. Anatia ndani yale mawe ya gesi ya mafundi wa kuchomelea na maji kidogo, anawasha, na linalia mpaka sufuria zinacheza kwenye kichanja. Amelipa jina, analiita Mwenyekiti. Likilia kwake, ndege wote wanaruka, wanatua wapi? Kwetu. Mimi mwanamke peke yangu nimekaa juu kwenye dungu la kulindia mpunga na kombeo langu, naangalia tu.

Wala si wakati wa ndege peke yake. Analipiga hata saa ambayo hakuna ndege, hata jioni watu wanakula. Nikamuuliza, "Kuna ndege gani sasa hivi?" Akasema, "Najaribu tu, mama, nione kama linafanya kazi." Anajaribu! Ananijaribu mimi.

Sasa wewe unafanya kazi na watu wanaozuia majaribio ya mabomu. Hebu muulize huyo dada mwenye kiatu kimoja, wakubwa wa dunia walikomeshwaje? Niandikie vizuri, kwa sababu nimeshawaambia watu hapa kwamba wewe ni mtaalamu wa nyuklia.

Mkeo anayeteseka,
Stefania


Dar es Salaam
16 Aprili 2025

Mama Gladness,

Mtaalamu wa nyuklia! Mimi niliyeishia darasa la sita! Waambie ukweli, nafyeka.

Lakini roho imeniuma kukuona peke yako na kombeo mbele ya Mwenyekiti. Nilimfuata Injinia Rosemery saa ya chai, nikamweleza. Alicheka mpaka chai ikamtoka puani, halafu akakaa juu ya ndoo yangu akanisimulia.

Bomu la kwanza la namna hiyo walilijaribu Wamarekani jangwani kwao, mwaka 1945. Warusi nao wakatengeneza lao, Waingereza wakafuata, Wafaransa wakaja kujaribu la kwao huku huku Afrika, kwenye jangwa la Sahara, na Waafrika wakapiga kelele hawakusikilizwa. Kila mmoja alisema anajaribu tu aone kama linafanya kazi. Umeona? Eustaki hakuanza yeye.

Mwaka 1954 Wamarekani walijaribu kubwa sana visiwani. Majivu yakawaangukia watu wa visiwa na wavuvi wa Kijapani waliokuwa mbali wakivua zao, wakaugua. Hapo watu ndipo walipoanza kuuliza. Huko huko Amerika kina mama walikusanya meno ya watoto yaliyong'oka, maelfu kwa maelfu, wakayapeleka kwa wataalamu, na sumu ya majaribio ikaonekana ndani ya meno. Mwenye bomu anaweza kubishana na mtu mzima, lakini jino la mtoto atalijibu nini?

Mwaka 1963 wakubwa watatu wakatia sahihi mkataba: hakuna kujaribu bomu hewani, wala majini, wala huko juu kabisa kupita anga. Ndivyo walivyokubaliana, mahali patatu. Mwambie katekista Tadei awaandikie hivyo hivyo, neno kwa neno, nyumba zote zitie sahihi.

Hadithi ilikuwa inaendelea, lakini gari la wakubwa liliingia, Rosemery akainuka na mimi nikarudi kwenye majani. Nikipata sehemu iliyobaki nitakuandikia.

Pasaka njema. Mpunga ukoje? Tazama dirisha.

Ponsiano


Dar es Salaam
23 Aprili 2025

Mama Gladness,

KAMA HAMJATIA SAHIHI, SUBIRINI.

Leo Rosemery amemalizia hadithi. Wale wakubwa baada ya kukatazwa hewani, majini na huko juu, walienda kuchimba mashimo, wakaendelea kujaribu chini ya ardhi. Tena wakajaribu kuliko mwanzo! Mkataba ulikuwa umesahau ardhi. Ongezeni ardhi. Mwambie Tadei aongeze ardhi kwa herufi kubwa.

Ponsiano


Mchombe
24 Aprili 2025

Baba Gladness,

Mungu ni mkubwa. Jumatatu ya Pasaka tulikutana pale kwenye mfereji, nyumba zote zenye majaruba mpaka kwenye matete. Tadei aliandika kama ulivyosema, neno kwa neno: hewani, majini, na huko juu kabisa kupita anga.

Eustaki akanyoosha mkono. "Huko juu kabisa mimi nitafikaje?" Nikamwambia, "Ndivyo mtaalamu alivyoandika kutoka Dar." Akashusha mkono. Watu wanakuheshimu sana sasa hivi, usiniharibie.

Kila nyumba ilitia sahihi. Eustaki alisoma karatasi mara mbili, polepole, halafu akatabasamu peke yake. Nikasema moyoni, kumbe hata yeye amechoka na kelele. Sasa bonde limetulia, nasikia hata vyura.

Umetumalizia vita, baba.

Stefania


Mchombe
5 Mei 2025

Kwako Mhandisi Ponsiano,

Shikamoo. Najua nimekuzidi umri, lakini siku hizi sijui wewe una cheo gani, nisije nikakosea.

Mimi ni jirani yako Eustaki. Ninaandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia una malengelenge, na nyusi sina. Wasije wakakuandikia wengine wakaongeza chumvi, nakueleza mwenyewe.

Mkataba wako niliusoma vizuri. Haukutaja ardhi. Nyuma ya nyumba ya mama yangu, Bibi Brigitha, kuna choo cha shimo. Nikaona, nikimshusha Mwenyekiti shimoni nikajaribu humo, sijavunja sheria yoyote. Siko hewani, siko majini, na huko juu ndiyo kabisa sipo. Ulichosahau kutueleza wewe kama mtaalamu ni kwamba choo nacho kina gesi yake.

Mwenyekiti hatunaye tena. Paa la choo limepatikana kwenye jaruba la jirani yetu Theresia. Mengine yaliyotoka humo yamepatikana kila mahali, na ilikuwa Jumapili, watu wametoka kanisani na nguo nyeupe. Mama yangu hasikii vizuri, unamjua, radi kwake ni kama mtu anayenong'ona. Siku hiyo alitoka nje akasema, "Karibu, nani anabisha hodi?" Alipoona choo chake hakipo, akaniita kwa majina yangu yote matatu.

Sasa nami nikuulize, ndugu yangu. Mkeo amekuambia nani alianza? Mimi nilikuwa na madebe yangu kama watu wote. Ni yeye aliyeleta bomba la kwanza bonde hili, mwishoni mwa mwezi wa tatu, katoka nalo Ifakara kwa kaka yake Evod, yule fundi wa kuchomelea. Refu kuliko mimi. Analiita Mama Mkwe, kwa sababu likisema wote tunanyamaza. Liliponisukumia ndege siku tatu mfululizo ndipo na mimi nikaenda kwa Evod huyo huyo, akanitengenezea Mwenyekiti, akaniambia, "Lako ni zuri kuliko la dada yangu." Kumbe na dada yake alimwambia lake ni zuri kuliko langu.

Kuhusu simu: ningekuitia mkeo vipi, wakati nikisogea kwenye dungu lake ananielekezea Mama Mkwe? Nilikohoa kwa sababu sikutaka kumsema mke wa mtu kwenye simu.

Mama yangu anadai choo.

Jirani yako,
Eustaki


Dar es Salaam
12 Mei 2025

Mama Gladness,

Nimepata barua ya mkono wa kushoto.

Kwa hiyo "mwanamke peke yangu na kombeo langu." Nilikuwa nakuona kila usiku kwenye ndoto, umekonda, unarusha vijiwe. Kumbe ulikuwa umekaa juu ya dungu na Mama Mkwe mapajani kama taifa kubwa. Na mimi nimemsumbua Injinia wa watu, nikiulizia haki yako!

Nilimsomea Rosemery barua ya Eustaki. Nilipofika kwenye paa la choo ilibidi ashike mti. Alipotulia akasema hivi: "Baba Ponsiano, huko nako kila mwenye bomu alisema ni la kujilinda, na kwamba mwenzake ndiye aliyeanza." Nikaona aibu kwa niaba ya nyumba nzima.

Basi nakupa sehemu ya mwisho, na safari hii nimehakikisha ni ya mwisho. Mwaka 1996 waliandika mkataba mwingine: hakuna kujaribu popote. Hewani, majini, ardhini, popote. Tanzania tulishatia sahihi na kuridhia. Lakini waliweka sharti kwamba hautaanza kazi mpaka nchi arobaini na nne zilizotajwa ziridhie zote, na mpaka leo tisa bado. Mmoja wa wakubwa alikuwa ameridhia, juzi juzi akarudisha mkono nyuma. Kwa hiyo kwa sheria haujaanza.

Nikamwambia Rosemery, sasa mimi nafyeka nini hapa? Akasema, majaribio zamani yalikuwa kama mvua ya masika, lakini tangu karatasi hiyo iandikwe yamekauka karibu yote. Nchi chache zilijaribu, na kila iliyojaribu ilisikika, siku hiyo hiyo dunia ikajua. Karatasi haijaanza kazi, ila masikio na pua vimeshaanza. Watu hawaaminiani, wanasikilizana.

Kwa hiyo mimi sikuambii umwamini Eustaki. Tafuteni sikio.

Nakuuliza jambo moja tu, na unijibu kweli. Kwa nini ulinificha?

Ponsiano


Mchombe
22 Juni 2025

Baba Gladness,

Nimechelewa kujibu kwa sababu tulikuwa tunavuna, na kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, halafu na Eustaki, halafu na Evod, halafu zikaisha zote nikabaki nimekaa.

Nilikuficha kwa sababu ungeniambia niache. Na nisingeweza kuacha. Wewe ulisema tangu unaondoka, mpunga ukifika dirishani unarudi. Basi mimi kila ndege niliyemwona kwenye suke nilikuwa namwona amekaa juu ya begi lako la safari. Ulitaka nimfukuze kwa kijiwe? Ningekuwa na mzinga wa jeshi ningeupiga. Hilo ndilo jibu la kweli, na usilisome mbele ya huyo Injinia.

Barua yako tuliisoma pale mferejini, nikaruka mahali pa Mama Mkwe mapajani. Tumeandika mkataba mpya. Hakuna bomba popote, na Tadei ameandika ARDHI kwa herufi kubwa, halafu Theresia akataka iongezwe "wala vyooni", ikaongezwa.

Sikio tumepata. Ni Bibi Brigitha. Usicheke. Tulibishana sana: nyumba yangu haiwezi kusikiliza, nyumba ya Eustaki haiwezi kusikiliza. Gladness akasema, "Kwa nini asikae Bibi?" Eustaki akasema mama yake hasikii. Theresia akasema ndiyo vizuri, madebe hatayasikia, kelele za watoto hatazisikia, kombeo hatalisikia. Akisikia kitu, ujue ni bomba. Hata upendeleo hana, kwa sababu choo kilikuwa chake. Tukamjengea dungu fupi katikati, na kiti cha kuegemea, akakaa huko mwezi mzima anasali rozari yake na kuwatazama wote kama mahabusu. Siku moja alisimama akaonyesha kidole kwa Eustaki. Tukakimbia wote. Kumbe alikuwa anataka maji ya kunywa. Lakini ungemwona Eustaki alivyotupa debe na kuinua mikono!

Na ndege? Tulifanya kitu ambacho hata sijui kwa nini hatukukifanya toka mwanzo. Asubuhi watu wote tunaanza mferejini, mstari mmoja, bega kwa bega, madebe tu na midomo yetu. Tunawasukuma ndege mpaka kwenye matete upande wa mto. Huwezi kumsukumia jirani, jirani yuko ubavuni kwako, anakupigia kelele sikioni. Eustaki ana sauti mbaya sana. Ndege hawaipendi kabisa.

Choo cha Bibi kimejengwa, wote tumechimba. Evod ametengeneza mlango wa bati bure, nimehakikisha.

Sasa mpunga. Nimesimama mlangoni pa chumba cha nyuma nikiandika hii. Umefika dirishani. Umepita dirisha. Ndani humo kuna giza mchana.

Lakini kuna tatizo la sheria. Mkataba wetu una kifungu kwamba hautaanza kazi mpaka kila mwenye jaruba atie sahihi kwa mkono wake mwenyewe. Si mkewe, si kaka yake, si kwa barua wala kwa simu. Wote wametia. Jaruba letu ulirithi wewe kwa baba yako, limebaki jina moja. Kwa hiyo kwa sheria haujaanza, na Mama Mkwe bado ninaye. Yuko kitandani, upande wako. Kila mtu Mchombe analala akijua kwamba amani ya bonde zima inasubiri mfyekaji mmoja wa Dar es Salaam.

Kifungu hicho nilikiweka mimi.

Stefania


Dar es Salaam
28 Juni 2025

Mama Gladness,

Fyekeo nimelirudisha stoo. Rosemery ameniaga kwa kunipa kalamu ya wino wa bluu, akasema kama wale tisa wangekuwa na wake kama wewe, kazi yake ingekuwa imeisha zamani.

Nakuja na treni, nitashuka Ifakara, nipande gari la Mlimba. Mwambie Bibi Brigitha nikifika nitabisha hodi kwa nguvu zangu zote, asije akadhani ni bomba. Mwambie Eustaki shikamoo ya kweli, na kwamba mimi si mhandisi.

Na huyo aliyelala upande wangu, mtoe nje mapema. Nimechoka, na sahihi yangu nitaitia nikiwa nimekaa kitandani kwangu.

Ponsiano